Siku Ngoy Alipomwangusha Béton

Jumatatu, 14 Septemba 1992

Shule hazikufunguliwa. Mkurugenzi wetu, mzee tunayemwita tata Tharcisse, ametuambia walimu turudi nyumbani tungoje. Nimerudi na chaki zangu mfukoni. Mkono wangu haujazoea kukaa bila kuandika, basi nitaandika hapa mpaka waniite.

Katika mji wa Likasi wanawafukuza watu kwenye nyumba zao, wale wenye asili ya mkoa wa Kasai, yaani sisi. Nasema sisi, lakini Kasai sijawahi kuiona. Babu yangu aliletwa na Wazungu kuchimba shaba. Baba alizaliwa hapa Kolwezi, nami nikazaliwa hapa, na mume wangu Mpoyi vilevile. Mpoyi anasema ya Likasi hayatafika kwetu kwa sababu watu wa huku wanamjua.

Kumjua, wanamjua. Siku za kazi anachomelea vyuma kwenye karakana ya mgodi. Jumapili anaitwa Béton, mpiganaji wa mieleka, ile ya catch, na hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kumwangusha.

Jumamosi, 19 Septemba

Joto. Vumbi la Kingamyambo, pale wanapomwaga mabaki ya mgodi, limeingia hadi ndani ya sufuria.

Jumapili, 27 Septemba

Ngoy Stany amekuja baada ya misa, kama Jumapili zote. Wazazi wake ni watu wa kaskazini ya mkoa huu wa Katanga, naye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na anafanya kazi karakana moja na Mpoyi. Alipoanza mieleka hakujua hata kuanguka. Mpoyi alimfundisha hapa hapa kwenye lupango letu, yaani uani, juu ya magodoro ya zamani, mpaka akawa mpiganaji wa pili wa Kolwezi. Ananiita yaya, kama vile mimi ni dada yake mkubwa, na Mpoyi pia anamwita yaya, kaka mkubwa.

Leo walifanya mazoezi kidogo tu, kisha wakakaa upande wa choo wakaongea muda mrefu. Nilipowaletea bukari, ugali wetu, walinyamaza. Nilidhani ni mambo ya wanaume.

Jumamosi, 10 Oktoba

Gari lenye kipaza sauti limepita hapa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi kutangaza pigano: Béton na Ngoy, tarehe ishirini na tano, uwanja wa Manika. Wameshapigana mara nyingi, na siku zote Ngoy anaanguka, watu wanacheka, wanarudi nyumbani. Safari hii yule mtu wa garini alisema mwana wa udongo huu atapigana na mgeni.

Nilimuuliza Mpoyi kama amesikia. Akasema ni maneno ya kuuza tiketi.

Jumapili, 18 Oktoba

Mvua ya kwanza. Tshiela, binti yetu, ametoka kuoga nje na watoto wote wa mstari wetu wa nyumba. Ana miaka saba, na bado nilimwacha.

Jumamosi, 24 Oktoba

Fidélie, mke wa Ngoy, amekuja kumsuka Tshiela ili apendeze kesho uwanjani. Alikuwa mkimya. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema ni kichwa. Nikampa chai.

Jumatatu, 26 Oktoba

Nitaandika yote, kwa sababu jana nilirudi nikiwa siamini macho yangu.

Uwanja ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona. Upande wa pili walikuwa vijana wa chama, kile kinachotaka tufukuzwe, wamefunga vitambaa vya kijani vichwani, nao hawakuwa wakicheka. Mimi na Tshiela tulikaa karibu na ulingo, mahali pa familia.

Mwanzoni ilikuwa kama kawaida. Mpoyi alimrusha Ngoy mara mbili, Ngoy akamtupa Mpoyi kwenye kamba, watu wakapiga kelele. Kisha Mpoyi akapiga goti moja, kama aliyechoka, akanyoosha mkono wake wa kuume mbele ya Ngoy. Aliunyoosha mwenyewe. Niliona vizuri, kama mtoto anayenyoosha mkono avikwe shati. Ngoy akaushika, akauzungusha nyuma ya mgongo, akamlalia.

Mpoyi alisema kitu. Ngoy akainama karibu na sikio lake, na midomo yake ikasema kitu pia. Halafu Mpoyi akapiga sakafu kwa kiganja, ishara ya kuomba aachiliwe. Akapiga tena. Mwamuzi alikuwa anatazama jukwaani. Nilisikia bega likilia, na sikuwa mimi peke yangu niliyesikia, kwa sababu mama mmoja nyuma yangu alijifunika uso.

Vijana wakaingia ulingoni wakambeba Ngoy. Walimtoa uwanjani mabegani, wakizunguka naye mji mzima. Mume wangu alishuka peke yake, mkono unaning'inia. Tulirudi kwa njia ya nyuma, kando ya reli. Tshiela alikuwa analia. 

Jumanne, 27 Oktoba

Bega limevimba hadi shingoni.

Jumapili, 1 Novemba

Tata Kankolongo amekuja. Ana duka la nguo sokoni na ndiye anayesimamia mikutano ya familia za Kasai hapa mjini. Hakukaa. Alimwambia Mpoyi, mbele yangu, kwamba watu wote waliona alivyotoa mkono, na kwamba mtu aliyepigana miaka kumi bila kuanguka haangushwi na mwanafunzi wake isipokuwa amekubali.

"Umetuuzisha, Mpoyi," alisema. "Siku tulikuwa na lazima na wewe, njo umetuuzisha."

Nilingoja mume wangu amkatalie, aseme hakuwauza siku waliyomhitaji. Alitazama sakafu. Tata Kankolongo alivaa kofia yake akaondoka.

Jumanne, 3 Novemba

Fidélie ameleta unga na samaki wakavu wa ziwa la Nzilo, mfuko umejaa. Ameuweka mlangoni akaondoka upesi. Mtu huleta kitu namna hiyo akiwa analipa. Nilimwonyesha Mpoyi ule mfuko. Alisema tu nimpikie mtoto.

Sasa naamini aliyosema tata Kankolongo.

Ijumaa, 20 Novemba

Shule imefunguliwa. Katika darasa langu viti vya watoto wengi wa Kasai ni vitupu. Saa ya kupumzika wengine wanacheza mchezo mpya: mmoja anakuwa Béton, mwingine anakuwa Ngoy, na Béton lazima aanguke. Wana wimbo pia. Unasema Ngoy ameangusha kilulu kimoja, bado vingine. Kilulu ni mdudu. Ndivyo wanavyotuita siku hizi.

Mtoto aliyeimba kwa nguvu kuliko wote nilimfundisha mimi kusoma.

Jumatano, 2 Desemba

Mvua. Karakana imemwambia Mpoyi asirudi, mkono wake hauwezi tena kushika kazi. Kapita mpya, msimamizi wa karakana, ni Ngoy.

Ijumaa, 25 Desemba

Kanisani tulikaa benchi moja sisi watatu peke yetu. Watu wa Kasai hawakai karibu nasi kwa sababu mume wangu aliwauza. Watu wa Katanga hawakai karibu nasi kwa sababu sisi ni Kasai. Padri alihubiri kuhusu hori ambamo familia ilipata nafasi. Sikumsikiliza.

Jumapili, 10 Januari 1993

Ngoy amezungumza kwenye mkutano wa vijana. Tata Banza, jirani yetu wa ukuta mmoja, alinieleza kana kwamba ananiletea habari njema. Ngoy alisimama juu ya gari akasema kama yeye mmoja amemwangusha Béton, wao kwa wingi wao wanaogopa nini. Walimpigia makofi mpaka mvua ikawatawanya.

Nilimtazama Mpoyi anavyojaribu kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Sikumsaidia.

Alhamisi, 21 Januari

Leo nimeuliza. Tshiela alikuwa kwa rafiki yake, na mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba hata tata Banza asingesikia. Nilimwambia Mpoyi sitampikia tena mtu aliyeniuza kama hatanieleza alipata nini.

Kisha akasema, "Bilonda, mi sikuuzisha kitu. Nilimupa mukono kwa sababu njo vile tulipatana."

Akanieleza. Katika catch, mapigano yote hupatanwa kabla. Unampa mwenzako mwili wako, shingo yako, mgongo wako, naye anaushika kama vile ni wake. Watu wanaona hasira, kumbe chini yake ni watu wawili wanatunzana. Anayeanguka leo anajua ataanguka. Ngoy alianguka miaka yote hiyo kwa sababu walipatana aanguke.

Safari hii wazo lilikuwa la Mpoyi mwenyewe. Siku ile walipokaa karibu na choo, alimwambia Ngoy kwamba mji umechafuka na kwamba pigano lisiwe na mshindi. Ngoy angeushika mkono, Mpoyi angejitoa, wote wawili wangeangukia nje ya kamba, mwamuzi angewahesabu na kuinua mikono yao pamoja. Watu wangemwona mtu wa Kasai na mtu wa Katanga wakitoka uwanjani pamoja. Ngoy alikubali. Hata alishukuru.

"Aliposhika nilimwambia, Stany, inatosha, achilia," Mpoyi alisema. "Akanijibu ku sikio. Akasema, yaya, unisamehe. Njo akavunja."

Nilikaa kitandani. Nilimwonea huruma kama ambavyo sijamwonea mtu. Halafu, hata machozi hayajakauka, nikafikiria jambo lingine, nikamuuliza kuhusu yule jitu wa Kinshasa.

Mwaka themanini na nne alikuja hapa mpiganaji mkubwa kutoka Kinshasa, mtu mwenye kifua kama pipa, na Mpoyi alimwangusha. Nilikuwa msichana wa shule ya ualimu. Nilikuwepo. Tata Kankolongo alimbeba Mpoyi mabegani, na watu wetu walitembea mwezi mzima vichwa juu. Mwaka uliofuata tulioana. Kila mwaka huwa nawapa wanafunzi wangu kisa kile waandike insha.

"Yule pia?" nilimuuliza.

"Yule pia. Alikuwa mutu muzuri sana. Alikuwa na watoto sita."

Alisema hata mke hapaswi kujua, ndivyo alivyoapishwa na aliyemfundisha. Na ndiyo sababu hakumjibu tata Kankolongo. Angesema Ngoy amevunja mapatano, watu wangejua kuna mapatano, na ushindi wake wote ungekwisha siku hiyo hiyo.

Basi alikubali kuitwa msaliti wa watu wake ili abaki Béton. Nami alinificha miaka minane.

Ijumaa, 22 Januari

Sikuenda shule.

Jumamosi, 6 Februari

Nilikwenda kwa Ngoy. Nilitaka anitazame, halafu awaambie vijana wake jinsi ilivyokuwa, kwamba yaliyompata Béton hata mtoto angeweza kuyafanya kwa mtu aliyepiga goti na kumwamini. Wimbo ule ungekufa siku hiyo.

Hakuwepo. Fidélie alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Kabla sijamaliza kusema alianza kulia, nikajua kwamba anajua. Alisema watu wa chama walikuja kwao wiki moja kabla ya pigano. Walimwambia Ngoy kwamba akishinda kweli atapewa ukapita na nyumba yetu, kwa kuwa yetu ina vyumba vitatu. Akikataa, basi naye ni rafiki wa bilulu, sisi wadudu, na atafukuzwa pamoja nao.

Nilimwambia, "Ulikuja kumsuka mtoto wangu."

"Sikujua nifanye nini ingine, mama Tshiela."

"Ungesema. Ulikunywa chai yangu. Ungesema tu."

Nyuma yake niliona pazia dirishani, jipya, refu kuliko dirisha lao. Limekatwa kwa kipimo cha sebule yangu.

Jumatano, 17 Februari

Mvua. Nilimweleza Mpoyi habari ya nyumba. Anasema Stany hawezi. Baada ya yote haya bado anasema Stany hawezi.

Jumatatu, 15 Machi

Shule imefungwa tena. Tata Tharcisse alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nichukue rejista ya darasa kama nataka. Nimwite nani kwa rejista hiyo?

Jumamosi, 27 Machi

Tuko stesheni, tunangoja treni ya kwenda Kasai, chini ya turubai, kati ya watu ambao hakuna anayeweza kuwahesabu. Ni mara ya kwanza napata mahali pa kuegemea niandike.

Walikuja Jumatano asubuhi. Walikuwa kama ishirini, wengine na panga, wengine na nondo za karakana. Ngoy alikuwa mbele yao, amevaa koti la ngozi. Tata Banza na mkewe walitoka kwenye mlango wao kuangalia. Walikuwa wamevaa vizuri.

Tulikuwa tumeshafunga vitu. Ngoy aliwaambia vijana watuache tupite, kwamba yeye anatujua na hatuna shida. Nadhani alitegemea tumshukuru. Lakini kijana mmoja alisema, "Kapita, umwangushe tena. Bengine hatukuona."

Ngoy alisema hakuna haja, mtu mwenyewe ni mgonjwa. Wakaanza kunung'unika. Mwingine aliuliza kama anamwogopa, na mwingine akauliza, bila kucheka, kama basi ile ya Oktoba ilikuwa kweli. Wote wakamtazama. Niliona kijana mmoja amekaribia mahali Tshiela aliposimama na mfuko wake, na panga lake halikuwa chini.

Mpoyi aliweka mzigo chini. Alitembea mpaka mbele ya Ngoy, akapiga goti moja kwenye matope, akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima.

"Mpoyi, hapana," nilisema.

Hakugeuka. Ngoy alitazama ule mkono muda mrefu kuliko wanavyotazama ulingoni. Kisha akaushika. Nilikuwa karibu, na sasa nilijua pa kuangalia. Vidole vyake havikufunga. Alimgusa tu, kama mtu anayeshika yai. Na mume wangu akaruka, akazunguka hewani na umri wake wote na bega lake lililovunjika, akaanguka chali kwa mshindo, akalia kwa sauti ambayo ilinifanya, mimi ninayejua, nitake kukimbilia. Vijana wakaanza wimbo wao. Wakaruka, wakakumbatiana, yule wa panga akamwacha Tshiela akaenda kumbeba Ngoy.

Mpoyi, pale chini, alinionyesha njia kwa macho. Nikamshika mtoto tukatoka. Alitufuata akichechemea.

Tulipofika relini aliacha kuchechemea. Nilimuuliza kama ameumizwa.

"Hata kidogo," alisema. "Leo alinishika muzuri."

Alilisema kama mwalimu aliyefurahia kazi ya mwanafunzi. Nilimwacha atangulie. Ngoy alikuwa na vijana ishirini nyuma yake na akaweza kumshika hivyo. Basi Oktoba angeweza pia kushinda bila kuvunja. Hata wao wasingejua.

Jumapili, 4 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mtoto wa familia ya karibu nasi amekufa kwa kuhara. Treni hakuna.

Jumatano, 14 Aprili

Fidélie alikuja hadi hapa stesheni, na unga. Alinitafuta katikati ya watu wote hawa. Alisema wameshahamia kwenye nyumba yetu. Alisema Ngoy haongei nyumbani, na kwamba Jumapili anapelekwa Lubumbashi kupigana mbele ya wakubwa. Nilichukua unga kwa kuwa Tshiela ana njaa. Sikusema asante, wala sikumuuliza pazia limetoshea vipi.

Ijumaa, 23 Aprili

Tata Kankolongo na jamaa zake wamefika chini ya turubai letu. Duka lake limechomwa. Bado hasemi na Mpoyi.

Alhamisi, 29 Aprili

Tumo ndani ya treni. Ni behewa la mizigo, mlango wazi, tumebanana hata kuandika ni shida. Kalamu inaruka.

Jana mchana, tukiwa tumesimama porini kungoja injini, watu walianza kuzungumza jinsi mambo yalivyoharibika. Tata Kankolongo alisema yaliharibika siku ya uwanja wa Manika. Hakumtaja mtu. Mpoyi alikuwa amekaa kwenye kona, nami nimempa mgongo kama ninavyofanya tangu Machi.

Akasema, "Tata Kankolongo, mi nitakuambia vile ilikuwa."

Akawaambia yote. Alisema polepole, watu wakinyamaza mmoja mmoja, mpaka ikawa anasemea behewa zima. Alieleza mapatano, mkono, na neno alilosemewa sikioni. Nilidhani atakomea hapo, na angeweza kukomea hapo, wangemhurumia. Akaendelea mpaka kwa yule jitu wa Kinshasa.

Tata Kankolongo ni mtu mnene, mwenye sauti. Alitoa sauti ndogo sana. "Mi nilikubeba," alisema. "Nilikubeba toka Manika mpaka ku nyumba ya baba yako."

"Ndiyo, tata."

"Afazali ungesema walikuloga."

Akageuka akatazama ubao wa behewa. Wengine walisema ni uongo wa mtu anayejiokoa. Kijana mmoja alisema Ngoy alishinda kwa haki, na afadhali kuangushwa kuliko hivi. Mpoyi hakubishana. Alilala, kichwa juu ya mzigo wetu, na alilala kweli, mara ya kwanza tangu stesheni.

Asubuhi hii bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni, anayekaa mbele yangu, aliniuliza kama mimi mke wake naamini maneno yale.

Nilimwambia naamini. Nilikuwa pale mara zote mbili, nikaona Ngoy anavyoushika mkono wa mtu anapotaka kuuvunja, na anavyoushika asipotaka. Ushindi ule wanaouimba ni wizi, nikamwambia. Na ule wa mume wangu, ambao mimi niliolewa nao, haukuwa ushindi. Nikamwambia pia kwamba sijamsamehe hata mmoja wao, na huyu anayelala hapa ndiye aliye mgumu zaidi, kwa sababu yeye alinipenda.

Bibi akamhamisha mjukuu upande mwingine, akakunja miguu yake ili mimi ninyooshe yangu.

Tumepita Tenke, njia panda ya reli. Treni imegeuka kaskazini, na tata mmoja mlangoni anawaonyesha watoto upande ilipo Kasai. Tshiela ameniuliza huko wanasema lugha gani. Nimemwambia atajifunza.